Jeraha la Utotoni Haliponi kwa Kunyamazishwa



Wapenzi wasomaji, wiki hii tuzungumze juu ya maumivu yasiyoonekana kwa macho. Yuko mwanamke aliyeolewa akatunzwa, mumewe hana neno naye, lakini mlango ukibamizwa tu moyo humwenda mbio na mikono ikamtetemeka. Yuko mwanamume ambaye mwanawe akilia, hasira humpanda asijue zimetoka wapi. Ukichimbua, utakuta asili yake ni miaka ishirini au thelathini nyuma: kipigo kilichopita kiasi, matusi ya kila siku, ugomvi wa wazazi mbele ya watoto, au jambo zito zaidi ambalo mtoto aliamrishwa asilitaje. Wataalamu wa nafsi huliita jeraha hili kiwewe.

Tusiharakie kusema kwamba mtu huyo ana upungufu wa imani. Nabii Yaaqub, alayhi salaam, alimlilia mwanawe hata macho yake yakaingia weupe kwa huzuni, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Huzuni ni maumbile ya mwanadamu. Wala jeraha la utotoni si la kupuuzwa eti mtoto husahau. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watu wazima 9,508 walioulizwa habari za utoto wao. Walibaini kwamba kadiri aina za mateso ya utotoni zilivyokuwa nyingi, ndivyo watu hao walivyozidi kupatikana na sonona, ulevi, na hata maradhi ya moyo. Kilichofichwa rohoni hutokea mwilini.

Basi tiba yake ni ipi? Mazungumzo na mshauri nasaha ni mlango mmoja, lakini wengi huufikia mlango huo wakakauka koo. Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza yaliyompata; mtu mzima anayo, ila hayatoki. Hapo ndipo zinapoingia tiba za sanaa: kuchora, kufinyanga udongo, kuandika, kusimulia hadithi, kushona. Mkono hutangulia, ulimi ukafuata.

Jambo hili si geni katika umma wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja juu ya afya ya miili na ya pili juu ya afya ya nafsi, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua na hutibika. Katika mji wa Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultan Bayezid wa Pili iliyokamilika mwaka 1488 ilitumia sauti ya maji, harufu nzuri na muziki kuwatuliza wagonjwa wa akili. Jengo lake lipo hadi leo, nalo ni jumba la makumbusho. Na hapa kwetu pwani, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akamwachia bintiye yaliyokuwa moyoni mwake.

Kuandika kumechunguzwa sana. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikuwa na huzuni zaidi mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Dada yangu, ukijaribu njia hii, usijali hati wala sarufi. Andika, kisha karatasi ikunje au uichane. Si lazima asomwe na mtu. Na ukiona maandishi yanakuzamisha badala ya kukutua mzigo, acha, utafute mtaalamu.

Kwa mtoto, mpe karatasi na rangi, ukae karibu naye. Picha yake usiisahihishe wala usiisifu kwa uzuri. Usimwulize, "Mbona nyumba hii haina mlango?" Mwambie, "Nisimulie habari ya picha yako," kisha umsikilize. Familia inayojizuia kuchora viumbe wenye roho haikosi njia: rangi na maumbo matupu, majani na bahari, udongo, hadithi. Hata kazi za mikono za bibi zetu, kama kusuka ukili na kushona kofia, zina mwendo wa kujirudia unaotuliza pumzi, na ni rahisi mtu kusema lililo zito macho yake yakiwa kwenye sindano.

Lakini sanaa ya nyumbani haishiki nafasi ya daktari. Mtoto akianza kukojoa kitandani baada ya kuacha, akiota jinamizi kila usiku, au mtu yeyote akitaja kujidhuru, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Na ikiwa mtoto anaumizwa sasa hivi, la kwanza si rangi na karatasi, ni kumtoa penye hatari. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana.

Hapa tuseme ukweli mchungu. Katika nyumba zetu nyingi mtoto hunyamazishwa kwa jina la sitara, hasa aliyemdhuru akiwa ni jamaa. Sitara ni kuihifadhi heshima ya aliyedhulumiwa. Si pazia la kumfichia dhalimu. Nabii Yusuf, alayhi salaam, alitupwa kisimani na ndugu zake akiwa mdogo. Aliwasamehe, naam, lakini kwanza aliwauliza kama wanajua waliyomtendea, nao wakakiri kosa lao. Msamaha ule haukujengwa juu ya kunyamaza. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mama, mwanao akikujia na neno zito, usimwambie "nyamaza, watu watasikia". Mwambie, "Nimekusikia, na kosa si lako." Maneno hayo ndiyo dawa ya kwanza.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, na atujaalie kuwa wazazi wanaosikiliza. Amin.