Orodha niliyoichapa

Mimi ni mkutubi. Nilisomea Bagamoyo, na kwa miaka 22 nimetunza maktaba ya kampuni moja hapa Dar es Salaam: chumba kimoja, rafu 14, na wasomaji ambao wote ni wafanyakazi wenzangu. Anayenilipa mimi ndiye anayewalipa wao, na ndiye mwenye uwezo wa kuwaachisha kazi.

Asubuhi moja, miaka tisa iliyopita, meneja utumishi alisimama kaunta akaniambia kwa upole, "Dada, nichapie vitabu alivyoazima fundi fulani mwaka huu." Nikachapa. Hazikupita dakika mbili. Mle mlikuwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, imeazimwa mara tatu. Fundi yule alikuwa akidai malipo ya saa za ziada. Kabla ya Ijumaa aliitwa ofisini kuulizwa anajiandaa kumshitaki nani. Maktaba hakuikanyaga tena. Wenzake nao wakaanza kusoma wamesimama rafuni, bila kuandikisha kitu.

Hakuna kanuni ya kazi niliyovunja. Nilimtii mkubwa wangu, basi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Enzi za tiketi nisingeweza kutenda kosa lile hata ningetaka. Kadi ya kitabu iliingia kwenye tiketi ya msomaji, ikapangwa kwenye trei. Kitabu kikirudi, kadi inarudishwa mfukoni mwake nyuma ya jalada, msomaji anapewa tiketi yake, habari imekwisha. Kompyuta haisahau hivyo. Koha, programu inayotumika katika maktaba nyingi, inaweza kutunza historia ya kila msomaji. Inaweza pia kuondoa jina lake kitabu kikisharudi, ukiipanga hivyo. Mimi sikujua, na sikuuliza.

Mwajiri ana haki zake. Vitabu ni vyake, na mtu akikalia kitabu cha kampuni miezi sita, jina lake nitalipeleka mwenyewe. Ila kilichosomwa kikarudishwa salama, kampuni inakitafutia nini? Maadili ya wakutubi yaliyopitishwa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 2012 yanataka siri ya msomaji ilindwe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazuia taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja zisigeuzwe kwa kazi nyingine. Nilichukua jina la fundi yule ili kitabu kirudi, si ili apelelezwe.

Wenzangu wa mabenki, hospitali na wizara, msingoje siku meneja atakaposimama kaunta. Siku hiyo utakuwa peke yako, na ada za watoto zinakusubiri. Andikeni ukurasa mmoja sasa: nani anaweza kuomba kumbukumbu, kwa amri gani, na zinafutwa lini. Mkurugenzi atie saini. Wangu alitia, baada ya kuniuliza kama na majina ya vitabu vyake yeye yatafutwa.

Ombi la pili lilikuja mwaka jana, kutoka idara nyingine. Nikautoa ukurasa ule drooni, nikamwekea mwombaji mezani. Akausoma mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Wasomaji wangu, hata hivyo, hawajarudi wote. Jana tu nimemwona kijana wa stoo amesimama pembeni ya rafu ya sheria, kitabu kikiwa wazi mkononi, akichungulia kaunta.