TUTUPE RONEO YETU?

Siku hizi maneno ni moja tu katika kiwanja cha shule: roneo imezeeka, inatupatia haya, tununue fotokopi. Hata waalimu wengine wanasema hivyo. Mimi sikubali. Franka za kununua mashini hiyo zitatoka katika mchango wa wazazi, na kuna wazazi wanaouza unga sokoni kusudi waulipe.

Kwanza tujue mashini hizi zinatumika namna gani. Stensile ni karatasi nyepesi iliyopakwa nta. Mashini ya kuandika inapiga bila utepe, na pale herufi inapogonga nta inaondoka. Wino inapita mule na kushika karatasi. Mtu anazungusha mkono wa mashini, basi. Haiombi umeme hata kidogo. Fotokopi ni ingine. Inatumia mwangaza na unga mweusi, kisha inachoma ule unga kwa moto wa karibu digrii 200 kusudi ushike juu ya karatasi. Moto huo ndio unakula umeme. Kwa hiyo pano ndogo ya jua, ile ya kuwasha taa na kuchaji simu, haiwezi kuisukuma. Itatubidi grupe na esanse kila siku ya egzame, maana umeme wa hapa munaujua. (Na wale wanaoiita mashini ya kisasa, wajue kwamba Mwamerika Chester Carlson alifanya fotokopi yake ya kwanza mwaka 1938. Haikuzaliwa jana.)

Mutaniambia: roneo inachafua mikono, na herufi «e» na «o» zinajaa wino. Ni kweli. Tena kwa karatasi tano fotokopi inashinda, maana kumaliza stensile nzima kwa karatasi tano ni hasara. Lakini interro ya darasa zote za saba na za nane si karatasi tano! Stensile moja inatoa mamia, na bei yake haipandi hata ukizidi kuzungusha. Kwa fotokopi, kila karatasi inakula unga wake.

Shida ya kweli ya roneo haiko uzee, ni chakula chake. Stensile na wino vimekuwa haba kwa sababu watu mingi duniani wameacha kuvitumia. Siku vitakapokosekana kabisa, mashini isiyo na ubovu wowote itakuwa chuma tu. Hapo wanaotaka fotokopi wana haki. Lakini kwa leo inazunguka. Sehemu ndogo ya franka zile inunue stensile na wino vya miaka miwili, nyingine ikae kwa ekonome mpaka tuone umeme utakuwa namna gani. Na mbele ya kununua tuulize: fundi wa fotokopi anakaa wapi? Kama ni mjini, nani ataifunga juu ya kinga wakati wa mvua?

Kuna jambo lingine, la haraka. Wanafunzi wanaojua kuweka stensile bila kuikunja ni watatu tu, na wote ni finalisti. Karibu wanatoka. Ninaomba Baba Prefe awape wadogo wawili wa kwanza humanite, wajifunze kwao mbele ya egzame.