Mzungu Akibeba Begi ni Msafiri, Sisi Tukibeba ni Watoro

Wasee, siku ile nilipoweka picha yangu nikiwa chini ya maji huko Kisite, ujumbe wa kwanza kuingia haukuuliza niliona nini. Uliuliza: "Kwani uliacha chuo ndio uende kuogelea na mwanaume?" Wa pili ulitaka kujua nani alilipa. Wa tatu ulitoka kwa mtu wa ukoo kabisa, mtu ninayemwamkia kwa mikono miwili, na ulisema wazazi wangu wanachuma majani chai Kenyenya na mimi nachezea maji ya chumvi.

Sawa. Nitawajibu wote mara moja na sitakuwa mpole.

Nikiwa darasa la 7, wazungu wawili walipita kwetu Kenyenya, kijana na msichana, mabegi makubwa mgongoni, viatu vimejaa matope. Walikuwa wanaelekea Tabaka kuona mawe ya sabuni yanavyochongwa. Hakuna aliyewauliza kama wameoana. Hakuna aliyewauliza kama wadogo wao wamelipiwa karo. Mama mmoja aliwapa mkungu mzima wa ndizi, bure, na tukawasindikiza tukiimba mpaka barabarani. Ukiniuliza, hao watu hawakuwa na pesa kutushinda sana. Walilala kwa chumba cha bei ya chini na walikula chapati na maharagwe kwa kibanda. Lakini walikuwa "wasafiri". Wageni wetu. Heshima tele.

Miaka kumi baadaye mimi na jamaa yangu tunabeba begi vilevile, tunalala kwa vyumba vya bei ya chini vilevile, tunakula chapati ileile, na ghafla sisi ni watoro. Yeye ni mharibifu wa watoto wa watu. Mimi ni msichana aliyepotea. Tofauti ni nini hapo? Mnijibu mkiwa mmekaa chini.

Kuhusu nani alilipa: tulilipa wote wawili. Yeye anatengeneza simu mjini Kisii, mimi napigia maduka video. Miezi 8, kila mmoja akiweka kama 3,500 kwa mwezi, hiyo inafika 56,000. Basi ya Kisii hadi Nairobi na kurudi, 4,800 watu wawili. SGR daraja la chini ni 1,500 kila mtu tangu bei ipande Januari 2024, kwa hivyo 6,000 kwenda na kurudi. Kitanda Ukunda usiku tano, 7,500. Chakula 6,000. Mathree za kutoka Likoni na za hapa na pale, 1,700. Siku moja ya mashua na kiingilio, 7,000. Na kuzamia kwenyewe, 11,000 kila mtu. Jumla 55,000. Ikabaki elfu moja, tukanunua halwa. Najua wasee wanaochoma hiyo pesa kwa bet kabla ya Krismasi na hakuna mtu wa ukoo anawaandikia.

Sasa, mnadhani dharau ilikuwa ya nyumbani tu? Ngoja. Pale tulipoenda kuulizia kuzamia, sitataja jina, kijana wa mapokezi aliangalia mabegi yetu, akatuangalia sisi, akasema, "Wa kuleta bidhaa wanapitia nyuma." Mkenya kama mimi! Nikamwambia, kaka, sisi ni wateja. Akacheka kidogo, kisha akauliza kama tumeletwa na mtu. Yaani haikumwingia akilini kwamba vijana wawili weusi kutoka bara wanaweza kutaka kuona chini ya bahari yao wenyewe. Na simlaumu sana, kwa sababu sisi wenyewe haijatuingia. Tunaenda Diani, tunapiga picha na maji yakiwa kwenye magoti, tunaandika "maisha laini", tunarudi. Bahari nzima iko pale, na sisi tunajua tu ukingo wake.

Aliyetufundisha alikuwa mwingine, Mdigo mpole, mtoto wa mvuvi. Kabla ya bahari, tulianza kwa bwawa. Wacha niwaambie vitu ambavyo sikujua, na ambavyo wengi wenu hamjui. Ule mtungi mgongoni si oksijeni. Ni hewa hii ya kawaida tunayovuta, imeshindiliwa tu. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya huku juu, ndiyo maana masikio yanauma na lazima ubane pua na kupuliza polepole. Na sheria ya kwanza kabisa ni kwamba usikate pumzi. Ukibana hewa ukiwa chini halafu upande, hiyo hewa inapanuka na mapafu yanaweza kupasuka. Wa majaribio kama sisi hashuki zaidi ya mita 12, na mwalimu yuko na wewe wakati wote. Ukitaka cheti cha kwanza cha kuzamia hadi mita 18, lazima kwanza uonyeshe unaweza kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Mimi hata dakika moja ningeshindwa.

Kwa bwawa nilitoka nje mara mbili nikilia. Jamaa yangu alitulia, mimi nikawa nashika ngazi kama mtoto. Mwalimu hakukasirika. Aliniambia, "Dada, vuta pumzi taratibu, maji hayana haraka na wewe." Alinicheka tu niliposema "hiyo maji iko baridi". Akasema Kiswahili cha bara kinahitaji mtungi wake.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu kile kilio hakikutoka kwa bwawa la Diani. Kilitoka nyumbani. Nikiwa darasa la 6, mvulana tuliyekaa naye dawati moja alichukuliwa na mto Gucha. Mvua ilikuwa imenyesha, alikuwa anavuka akitoka kutafuta kuni. Watu walisimama ukingoni wakipiga nduru. Watu wazima, wanaume wenye nguvu, labda hamsini. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Baada ya mazishi tulifundishwa kitu kimoja tu: ogopeni mto. Hakuna aliyesema tufundishwe maji.

Mnakumbuka Likoni? Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwa feri likiwa na mama na mtoto wake. Nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni karibu wiki mbili. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Navy walikuwa pale, na wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini wakaletwa kusaidia. Nchi yenye pwani ndefu hivyo, yenye Ziwa Victoria upande wa pili, na bado kuzamia ni kitu tunachoita mchezo wa wazungu. Hiyo ndiyo gharama ya dharau yenu. Mkimcheka msichana wa Kenyenya kwa kuvaa miwani ya maji, mnamwambia na mdogo wake kwamba maji si yake.

Siku ya nne tulienda Shimoni. Unashukia Kanana kwa barabara ya Lunga Lunga, halafu unakata kuelekea baharini. Kutoka Shimoni mashua inapita kando ya kisiwa cha Wasini hadi hifadhi ya Kisite. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, maji yameng'aa. (Msiende Juni au Julai mkaniambia nimewadanganya. Wakati wa kusi bahari inachafuka na wengi hufunga kazi.) Pomboo walitupita kabla hatujafika. Nikashuka nyuma, mkono wa mwalimu umeshika mtungi wangu, na kwa mara ya kwanza maishani kichwa changu kikawa chini ya maji na sikuwa nakufa.

Niliona kasa akila, hana habari na mimi. Nikaona mkunga ametoa kichwa kwa shimo, mdomo wazi kama mtu anayengoja deni lake. Kuna kitatange wa njano na weusi, kuna pono anayetafuna mwamba na unasikia, kabisa, kra kra kra. Kwetu yote hayo ni "samaki". Mwalimu alikuwa na jina la kila mmoja, majina aliyopewa na babake, si ya kitabu cha wageni. Jamaa yangu alinishika mkono na hatukuweza kuongea dakika 30 nzima. Niwaambie ukweli, huo ndio mazungumzo mazuri zaidi tumewahi kuwa nayo.

Pia niliona sehemu ambazo matumbawe yamekufa, kijivu kama simiti. Mwalimu alituambia babake alikuwa akisimulia mwaka 1998, El Niño ilipopasha maji moto na matumbawe ya pwani yote yakageuka meupe na mengi yakafa. Mengine yamerudi. Joto nalo limerudi tena na tena. Sasa niambie, nani atapigania kitu ambacho hajawahi kukiona? Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, kabla wazazi wetu wengi kuzaliwa. KWS inamtoza Mkenya kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mlango uko wazi, na sisi tunapita tukienda kupiga picha kwa bembea ya hoteli.

Najua mtasema, na karo je? Mdogo wangu yuko sekondari na nusu ya karo yake inatoka kwangu. Niliilipa kabla ya kupanda basi, risiti iko na mathe. Chuo niliacha kwa sababu pesa iliisha mwaka wa pili, na wakati huo hakuna aliyeniandikia hata "pole". Kwa hivyo msijifanye walezi wangu leo. Kama huna pesa, huna, na sisemi ukope ndio uzamie. Kukopa kwa app ili upige picha chini ya maji ni ujinga, narudia, ujinga. Ila ukiwa nayo kidogo, na umefanyia kazi, huhitaji kuwa mzungu au kuwa na cheti cha ndoa ndio uione nchi yako.

Na ukienda, usidanganye kwa ile fomu ya afya. Kama una pumu, andika. Kama una homa na pua imeziba, ahirisha, masikio yako yatakushukuru. Mahali pa bei rahisi ajabu ambapo hawakuulizi chochote, toka. Na sisi watu wa milimani tuko na letu: ukizamia, naitrojeni inabaki mwilini kwa saa kadhaa, na kupanda juu haraka kunaweza kukuumiza, iwe ni kwa ndege au kwa barabara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Gusii mnaijua. Ndiyo maana tulizamia asubuhi na kulala Ukunda, tukapanda SGR kesho yake alasiri.

Nilipofika nyumbani fathe hakusema kitu mpaka baada ya chakula. Halafu akauliza, "Kule chini, kuna giza?" Nikamwambia hakuna, kuna mwanga wa bluu mpaka mwisho wa macho. Akanyamaza, akauliza tena kama yule mwalimu anaweza kufundisha mtoto wa miaka 15.

Jumamosi hii naanza na mdogo wangu kwa bwawa moja mjini Kisii, shilingi 300 kwa saa. Wewe uliyeniita mtoro, uko huru kuja. Leta nguo ya kuogelea na uache mdomo nyumbani.