Gari la Familia na Ila Zinazofichwa



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma kila mara, leo nataka tuzungumze juu ya gari. Najua wapo watakaocheka: Maalimu ameacha kusomesha fiqhi, sasa amekuwa makanika? La, sijawa makanika. Lakini kwa familia nyingi hapa Gishubi na Gitega, ukiondoa kiwanja na nyumba, hakuna kitu kikubwa kinachonunuliwa kuliko gari. Na ni biashara ambayo nimeona watu wa swala tano wakidanganyana ndani yake bila hata kuona haya. Kwa hiyo inatuhusu.

Gari lenyewe mnalijua. Ni ile Toyota Carina ambayo sisi Burundi tunaiita Ti, au ndugu zake, Corona, Premio na Allion. Ni gari la kukaa watu watano, lenye buti ya kutosha gunia la mchele na mizigo ya wageni. Carina ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1970 ikaishia 2001, Allion ikashika nafasi yake. Allion na Premio nazo zilisimamishwa 2021. Maana yake ni kwamba kila Ti unayoiona barabarani ina umri wa miaka zaidi ya ishirini, na imepita mikononi mwa watu wengi kabla yako.

Magari haya hutoka Japani kwa sababu kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona afadhali waliuze. Hupakiwa melini hadi Dar es Salaam, likavuka Tanzania kwa barabara hadi Kabanga, likaingia kwetu Kobero, mkoani Muyinga wa zamani. Katika safari hiyo yote, na katika miaka lililotembea hapa nchini, namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kifaa kidogo tu. Basi namba ile usiifanye shahidi wako.

Sasa niwasimulie yaliyonipata mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Ti kwa ndugu Muislamu, mtu ninayemheshimu. Tulisoma Fatiha, nikahesabu pesa zilizokuwa akiba ya miaka sita ya nyumba yangu. Mama watoto aliuliza swali moja tu: "Umelipandisha mlima?" Nikamjibu kwamba nimelijaribu mjini Gitega na linakwenda kama maji. Wiki ya pili tukashuka Bujumbura kwenye harusi. Kushuka kulikuwa salama. Wakati wa kurudi, kabla ya kufika Bugarama, sindano ya joto ikapanda hadi mwisho, moshi mweupe ukatoka mbele, na watoto wanne wakashuka wakakaa ukingoni mwa barabara huku baiskeli za ndizi zikipita kwa kasi karibu yetu. Bujumbura iko kwenye usawa wa mita 800 hivi, na Bugarama ni juu ya mita 2,000. Mlima ule hauna siri. Gari linaloficha ugonjwa mjini husema kweli pale.

Makanika alipofungua alikuta gasketi ya silinda hedi imeungua, na si mara ya kwanza, kwani palikuwa na alama za kurekebishwa zamani. Aliyeniuzia alijua. Nilipomfuata alinijibu kwa utulivu: "Maalimu, hukuuliza."

Neno hilo "hukuuliza" ndilo lililonifanya niandike. Katika dini yetu muuzaji hangoji kuulizwa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini kuna unyevu, na akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Mafakihi wakaweka haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa akikuta ila iliyofichwa, nayo huitwa khiyari ya ila. Sasa ndugu yangu, tofauti ya nafaka mbichi iliyofunikwa kwa kavu na injini iliyooshwa ikang'aa ni ipi?

Hata hivyo mnunuzi naye asiwe mzembe, na mimi nilikuwa mzembe. Haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama:

1. Liwashe gari likiwa limepoa kabisa. Ukikuta muuzaji amekwisha liwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa bado baridi. Ukiona maji yana kutu au mafuta, au kifuniko cha oili kina utando kama maziwa, ondoka.

2. Lipandishe mlima mrefu, na mwenyewe akiwa pembeni yako.

3. Tazama matairi. Ubavuni kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa zee.

4. Uliza mkanda wa taimingi. Ti yenye injini ya 5A, ya 1500, hutumia mkanda, nao hubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Premio ya 1500 iliyoanza 2001 ina mnyororo, kwa hiyo huko una nafuu.

5. Ukiona maandishi D-4 kwenye injini, fikiri mara mbili. Injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na haipendi mafuta machafu. Na sisi tunajua mafuta ya kwenye vidumu yalivyo.

Hapo kwenye mafuta nisimame kidogo. Tangu 2021 nchi yetu imepita vipindi virefu vya uhaba, watu wakilala kwenye foleni za vituo na wengine wakinunua kidumu kwa bei ya kutisha. Gari langu lilikuwa likinywa lita 8 hadi 9 kwa kilomita 100 katika vilima vyetu. Kabla ya kununua, kaeni mume na mke mpige hesabu ya mwezi mzima: mafuta, oili, bima, spea. Mkiona hesabu hiyo inagusa karo ya watoto, basi gari hilo si lenu kwa sasa, hata kama pesa ya kulinunua mnayo. Na kama pesa hamna, msikimbilie mkopo wa riba. Afadhali ndugu wawili washirikiane gari moja kwa maandishi na mashahidi, kuliko mmoja kuuza shamba la baba yake ili aonekane anaendesha. Kwetu shamba likitoka halirudi.

Jambo jingine ni usukani. Magari yetu mengi yametengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, usukani uko kulia, na sisi Burundi tunapita kulia. Rwanda ilizuia kuingiza magari hayo tangu 2005. Kwetu yanaendelea kuwa ndiyo yetu, kwa hiyo tujue hatari yake: dereva amekaa upande wa mfereji, na akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka gari lote limetoka nje. Mwenye gari la aina hii asipite lori kwenye kona, asimtegemee abiria kumwambia "pita, hakuna kitu". Wakati wa kushuka kutoka Bugarama, tumia gia ndogo. Ukishuka kwa breki peke yake zitachemka na utazikanyaga bila jibu. Tena gari lenye mikanda mitano ni la watu watano. Kuwabeba wanane kwenda maziko ni wema ulioharibiwa njiani.

Nimalizie kwa siku niliyoliuza.

Niliitengeneza ile Ti, ikanitumikia, lakini kwenye milima mirefu joto lilikuwa bado likipanda. Mkomisioneri akaniletea mnunuzi, kijana mwalimu wa shule aliyetaka gari la kumpeleka mama yake hospitali. Kabla hajafika, mkomisioneri akaninong'oneza: "Mzungushe hapa mjini asubuhi, kuna baridi, halitachemka. Na wewe ni Maalimu, hatakuuliza." Nitasema kweli mbele yenu: nilinyamaza. Nilifikiri juu ya pesa zangu, na juu ya yule aliyeniuzia. Nikajiambia kwamba hasara ile si yangu, imenipitia tu. Kisha nikamwona mwanangu wa miaka kumi na minne amesimama na ndoo ya kuoshea gari, amesikia kila neno, ananitazama. Ni mtoto huyohuyo niliyemsomesha ile habari ya chungu ya nafaka.

Nikamweleza kijana kila kitu. Akashukuru, akaondoka, hakurudi. Gari nililiuza mwezi wa pili yake kwa fundi aliyejua ugonjwa wake, kwa bei ya chini sana. Hasara ile niliihisi mwaka mzima, na mama watoto pia, kwani tulirudi kupanda basi na pikipiki.

Simulizi hii sikuitoa ili nisifiwe, kwa sababu mnajua sasa kwamba nilinyamaza kwanza. Nimeitoa kwa sababu ninaamini tatizo letu haliko kwenye magari mabovu. Gari la miaka ishirini na tano lina haki ya kuumwa. Tatizo ni kwamba tumekubaliana kuliita jambo hili ujanja wa biashara, na watoto wetu wamesimama pembeni na ndoo, wanasikiliza.

Basi ombi langu ni dogo. Anayeuza aandike karatasi moja ya ila anazozijua, aitie sahihi, ampe mnunuzi pamoja na ufunguo. Anayenunua aiombe karatasi hiyo kabla ya kuhesabu pesa. Tukianza sisi wenyewe kwa wenyewe, msikiti kwa msikiti, wengine watatufuata.

Wabillaahi tawfiiq.