Usishuke Mombo Bado

Msimu wa mahafali ukikaribia, wapiga video wa Lushoto hupewa ushauri uleule, tena mara nyingi na watu ambao hawajawahi kupakia faili kubwa kutoka huku juu. Mfano ni Sekondari ya Wasichana Kifungilo, shule ya bweni. Wazazi hupanda mlima kushuhudia mabinti zao, kisha hurudi mijini wakisubiri video. Faili ni kubwa, laini ni nyembamba, na mteja ameshalipa nusu. Hapo ndipo washauri hujitokeza.

Dai lao la kwanza ni kwamba kazi hiyo haifanyiki mlimani: shuka Mombo, kwenye barabara kuu, ndiko kuliko na mtandao. Tupige hesabu kabla ya kupanda gari. Video ya saa mbili iliyohifadhiwa kwa megabiti 8 kwa sekunde ina gigabaiti 7.2. Ukiwa na kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo mjini wataicheka, itachukua saa nane kamili. Ianzishe saa 4 usiku, wakati watu wanaogombania mnara mmoja na wewe wameanza kulala, na saa 12 asubuhi imefika. Kwenda Mombo ni kilomita 33 za kona kutoka Lushoto mjini, achilia mbali kipande cha kutoka Kifungilo, halafu ukae kwenye kibanda cha mtu ukilinda kompyuta. Hata kama kasi ya huko ni mara nne, mimi nachagua kulala.

Ila hesabu hiyo ina sharti moja, na hilo ndilo washauri hawalitaji: upakiaji ukikatika uendelee pale ulipoachia. Mtandao wa kasi ndogo hufikisha mzigo. Kinachoua kazi ni kukatika ukiwa gigabaiti ya saba, kisha kuanzia sifuri huku bando limeshaliwa. Kwa hiyo usiburute faili la ukubwa huo kwenye ukurasa wa kivinjari na kuomba Mungu; ukurasa ukijifunga, mara nyingi umepoteza yote. Tumia programu ya kuhifadhia mafaili iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Dropbox, kwa mfano, hulikata faili vipande vya megabaiti 4 na kupeleka kimoja kimoja. Umeme ukizimika usiku wa manane, unachopoteza ni kipande kilichokuwa njiani. Kompyuta ikiwaka, kazi inaendelea.

Wengine husema nunua bando kubwa, litaenda haraka. Bando ni kiasi, si kasi. Gigabaiti 50 hazipiti upesi kuliko gigabaiti 5 kwenye mnara uleule. Mkanganyiko huu unalelewa na matangazo: kasi hutajwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Isitoshe, kasi inayotangazwa kwa kawaida ni ya kupakua, na ya kupakia huwa ndogo zaidi. Pima ya kupakia kabla hujamwahidi mtu siku. Kwenye mabonde ya Usambara, kuisogeza simu kutoka chumba cha nyuma hadi dirisha linalotazama mnara kunaweza kukupa kasi ambayo bando lolote halitakupa, kwa sababu mgongo wa mlima huzuia mawimbi na haujali umelipa shilingi ngapi.

"Lizipu kwanza." Hapana. Video za MP4 na picha za JPEG zimeshabanwa tayari; ukizizipu utapunguza asilimia chache tu, au hata kuongeza. Zipu inasaidia nyaraka za maandishi na sauti ya WAV. Inafaa pia kwa kufunga mafaili mengi pamoja, basi. Kulikata faili vipande vya megabaiti 100 kwa 7-Zip ni jambo jingine, na ni zuri ukituma kwa mtu wa studio au mpiga chapa. Usimfanyie hivyo mzazi mwenye simu. Atafungua kipande cha kwanza, ataona takataka, atakupigia.

Barua pepe sipotezi muda nayo: Gmail inaishia megabaiti 25, na kiambatisho huvimba kwa takribani theluthi moja kinapogeuzwa kuwa maandishi ya kusafirishia.

WhatsApp ina mashabiki zaidi, na hawajakosea kabisa. Ukituma video kama video, huibana mpaka majoho yanageuka ukungu. Ukiituma kama dokyumenti, inabaki ilivyo, hadi gigabaiti 2. Na hapa kuna dai jingine linalohitaji kupingwa, kwamba mteja anataka faili halisi. Wateja wengi wanataka kumwona binti yao akipokea cheti, kwenye skrini ya simu. Ile video ya saa mbili, ikipunguzwa hadi 720p kwa megabiti 2 kwa sekunde, inakuwa gigabaiti 1.8. Inapakiwa kwa saa mbili badala ya nane. Kamera ikiwa imara na jukwaa halina fujo, kwenye simu hatahisi amepunjwa. Lile kubwa lifuate baadaye.

Limebaki dai la kuwa kumpa konda flashi ni ushamba. Basi likitumia saa kumi kufika Dar es Salaam na kupeleka flashi ya gigabaiti 64, limesafirisha data kwa wastani wa megabiti 14 kwa sekunde, mara saba ya laini yetu ya usiku. Wanaastronomia waliopiga picha ya kwanza ya shimo jeusi walifanya hivyohivyo. Data za darubini zao za mwaka 2017 zilisafirishwa kwenye diski kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zilisubiri majira ya baridi yaishe ndipo ndege zizichukue. Picha ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, na hakuna aliyewaita washamba.

Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Dar es Salaam yenyewe ilikwama. Basi la Lushoto halipiti baharini.

Kwa hiyo katika makubaliano andika siku tatu tofauti: ya video ndogo kwa WhatsApp, ya linki ya faili kubwa, na ya flashi kufika stendi, nauli ya mzigo ikiwa juu ya mteja. Memori kadi usiifute mpaka mteja aseme amefungua na kutazama hadi mwisho. "Nimepata" haitoshi.