Skrini nyeusi si sababu ya kufomati kompyuta

Unaijua hii. Uko ndani ya GTA V, polisi wa Los Santos wanakufukuza, mara gemu inakwama na skrini inakuwa nyeusi tii. Unawasha upya. Dakika ishirini baadaye, yale yale. Wiki ikiisha umebeba CPU kwa begi hadi kwa fundi, na hata kabla hajaichomeka kwa stima, jamaa ameshatoa hukumu: "Hii ni ya kufomati, bro."

Ukiambiwa hivyo kabla hujaulizwa swali hata moja, beba mashine yako uende. Kufomati kumekuwa Panadol ya mafundi wengi wa kompyuta mjini. Kichwa kinauma, Panadol. Mguu umevunjika, Panadol. Na dawa hii ina bei. Unalipia kuwekewa Windows upya, halafu CV yako, kazi za chuo, biti ulizotengeneza usiku na picha za familia zinaenda na maji kama hukuzihifadhi kando. Gemu yenyewe inakula zaidi ya GB 70, kwa hivyo bado kuna bando la kuipakua tena. Na kama shida ilikuwa vumbi kwenye feni, ukifika nyumbani itazima vilevile. Umelipa kutibu ugonjwa ambao hukuwa nao.

Skrini nyeusi si ugonjwa mmoja, na mashine yenyewe hukuonyesha ni upi ukiiangalia vizuri. Anza na masikio. Picha imepotea, lakini redio ya gari bado inapiga na risasi zinasikika? Basi gemu iko hai, kilichokufa ni picha tu. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Utasikia mlio mfupi na skrini itapepesa, kwa sababu hapo unaizindua upya draiva ya grafiksi, yaani ile programu inayoiunganisha Windows na kadi yako. Ukikosa kitu, jaribu Alt na Enter. Kwa gemu nyingi hiyo huigeuza kuwa dirisha dogo. Picha ikirudi kwa njia hii ya pili, huenda gemu inaitisha ukubwa wa picha ambao monita yako haiwezi, labda kwa sababu ulikuwa umeunganisha TV kubwa ukaiacha na settings zile zile. Ikirudi kwa njia ya kwanza, mshukiwa ni draiva. Itoe yote kwa programu ya bure inayoitwa Display Driver Uninstaller, kisha upakue mpya kutoka kwa tovuti ya waliotengeneza kadi yako. Si ile iliyoko kwa flashi ya rafiki.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Windows huandika shajara. Bonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System, na utafute saa ile skrini ilipozima. Ukiona namba 4101 kutoka kwa Display, kadi ilikataa kujibu na Windows ikaizindua upya. Kwa kawaida Windows huingoja sekunde 2 tu. Ukiona namba 41 ya Kernel-Power, mashine ilizima au kujiwasha upya bila kufungwa vizuri. Namba hiyo haitakwambia nani alaumiwe, lakini inakwambia uache kupigana na gemu uanze kuangalia umeme na joto. Kuisoma shajara hiyo ni kazi ya dakika moja. Fundi asiyeifungua anapiga ramli.

Halafu kuna saa. Gemu inayozima papo hapo ukiifungua ni tofauti kabisa na ile inayokuvumilia nusu saa. Ya papo hapo mara nyingi ni faili. Kama ni ya Steam au Epic, kuna kitufe cha Verify kinachokagua faili zote na kuleta zile zilizoharibika pekee, bila kupakua gemu nzima upya. Kama ni ile ya kunakiliwa cyber, iliyovunjwa kufuli, antivairasi yako huenda iliona faili moja haina adabu ikaifuta, na gemu haiwezi kuamka bila hiyo faili. Jamaa atakushauri uzime antivairasi. Kwa mashine ambayo unaingilia barua pepe na akaunti ya benki? Sitaki kuwa askari wa hakimiliki hapa, najua mfuko wa kijana ulivyo. Lakini Epic waliitoa GTA V bure kabisa Mei 2020, na bado hutoa gemu za bure mara kwa mara. Kuna njia ya kucheza bila pesa na bila kufungulia mwizi mlango.

Gemu inayosubiri dakika ishirini ndiyo izime, hiyo fikiria joto kwanza. Vumbi la mji huu unalijua. Linaingia kwa feni, linajikunja na nywele za kapeti, na mwishowe hewa haipiti. Pakua HWiNFO, ni ya bure, iache ikisoma joto wakati unacheza. Kadi ikiwa kwenye nyuzi 60 au 70, tulia. Ikipita 90 halafu skrini ikazima, umempata mwizi. Zima, chomoa waya, shika feni isizunguke, piga brashi. Kama mashine ni ya miaka mingi, ile pesti kati ya chipu na chuma cha kupoza huenda imekauka. Hiyo mpelekee fundi, lakini mwambie unachotaka. Na wewe wa laptopu, iondoe kitandani. Duveti linaziba matundu ya hewa.

Sasa tuongee kuhusu hizi mashine tunazonunua, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ukizunguka Luthuli au Moi Avenue utapata Dell OptiPlex na HP EliteDesk ndogo ndogo, zile za ex-UK. Ni mashine nzuri. Zilitengenezewa ofisi, mtu wa Excel na barua pepe. Wewe unaibandika kadi ya grafiksi ndani na kuitangaza kuwa ya gemu. Sasa, soketi ya kadi kwenye ubao hutoa wati 75 na si zaidi. Kuna kadi za GTX 1650 ambazo zinatosheka na hizo na hazihitaji waya wa ziada. Lakini ukiweka GTX 1660, ambayo inataka wati 120, ndani ya kasha lenye pawasaplai ya wati 240 au hapo karibu, na ukaungaunga waya za adapta ndio iwake, itawaka, ndiyo. Itakaa vizuri kwenye menyu. Ukiingia mjini, magari yakawa mengi na milipuko ikaanza, kadi inaitisha umeme ambao haupo na kila kitu kinazima. Hakuna Windows mpya inayoongeza wati. Adapta zenyewe zikipata moto, skrini nyeusi ndiyo itakuwa shida yako ndogo. Angalia pia ile ekstensheni umechomeka friji, pasi na kompyuta pamoja.

Si mafundi wote ni wa kulaumiwa. Wapo wanaokuketisha, wakakuuliza, wakafungua kasha mbele yako. Na sisi wateja pia tuna maneno yetu. Tunafika tukasema "haifanyi tu", halafu tunataka iwe tayari jioni na tunabishania mia mbili. Fundi mwenye mashine kumi mezani atachagua njia ya mkato. Usimpe nafasi hiyo. Hifadhi faili zako kando kabla hujatoka nyumbani, na uandike kwa simu mistari mitatu: gemu gani, inazima baada ya muda gani, na sauti ikiendelea au la. Piga picha ile namba ya Event Viewer. Halafu muulize akutajie kilichoharibika na amejuaje, kabla ya kutaja bei.

Ukirudi kuichukua, mwambie aifungue gemu hiyo hiyo, ikimbie nusu saa ukiwa hapo. Kuonyeshwa picha ya Windows ikiwa imewaka hakutoshi, hata mbovu huwaka. Nusu saa ikipita bila giza, toa M-Pesa.