Saluki Si Pambo la Nyumba

Leo tuzungumze jambo ambalo makungwi wetu hawakutufunda: mbwa. Wapo mabiharusi wa visiwani wanaoolewa Oman na Imarati, na huko baadhi ya familia hufuga saluki, mbwa wa kuwindia anayeenziwa na Waarabu tangu enzi. Picha zake zinavutia: miguu mirefu, kiuno chembamba, masikio yenye nywele laini. Wengine humtamani kwa uzuri huo tu. Maoni yangu ni haya: kama hapana uwindaji wala uwanja, mwacheni.

Tuanze na dini. Surat al-Maida, aya ya 4, imehalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefunzwa kuwinda. Mtume (S.A.W.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, anayefuga bila ya haja hiyo hupungukiwa na thawabu kila siku. Kwetu sisi Mashafii mbwa ni najsi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wanamhesabu tohara. Kwa hivyo dada, uliza kabla ya nikaha: mbwa atalala wapi? Nani atamhudumia? Nitaswali wapi? Ni rahisi kuyauliza wakati wa posa kuliko kugombana na mkwe baadaye.

La pili ni haki ya mnyama mwenyewe. Saluki anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Ukimfungia katika fleti ghorofa ya nane, umemdhulumu. Anahitaji kukimbia kila siku mahali penye uzio, kwa sababu huwinda kwa macho: akiona paka anakatisha, hasikii tena hata ukimwita kwa jina. Joto la Ghuba linataka atolewe baada ya Alfajiri au jua likishapoa. Mwili wake hauna mafuta mengi, kwa hiyo apewe tandiko laini, na daktari wa mifugo awe mwangalifu na dawa za usingizi. Usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa. Na huishi miaka 10 hadi 14. Harusi itakuwa imeshasahaulika, watoto wako skuli, na yeye bado anakutegemea.

La tatu, tusivuke mpaka. Ukimkuta mbwa nyumbani kwa mumeo, unajsi wake haukupi ruhusa ya kumtesa. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Kuosha nguo iliyoguswa na mate yake ni sheria. Kumrushia jiwe si sheria.

Basi shoga yangu, mume akiwa mwindaji kweli, ana uwanja na mtu wa kumhudumia, wekeni mpaka wa chumba cha kuswalia na muishi kwa salama. Akimtaka kwa ajili ya picha za mtandaoni, mwambie kwa upole kuwa kiumbe ni amana. Paka anatosha, Mtume ametwambia si najsi, ni katika wanaotuzunguka majumbani.

Wallahu aalam.